Kibaridi Kidogo: Maisha ya Wayne Hautala, Fundi Bomba

Ndugu, majirani na wateja, ahsanteni kwa kusimama kwenye tope na ukungu huu kumsindikiza Wayne Eino Hautala. Februari tulimwombea kanisani, lakini ardhi ilikuwa imeganda, na mwenyewe alikuwa ameshakataza watu wasihangaike kuyeyusha barafu kwa ajili yake. "Mniweke tu mpaka Mei," alisema, "sina pa kukimbilia." Basi amengoja, na leo, tarehe 13 Mei 2023, ardhi imelegea. Wasifu huu umeandikwa na shemeji yake, Merle Nygaard, kwa kuombwa na mjane, ambaye alitoa sharti moja: yaandikwe yaliyotokea, pamoja na yale ambayo watu wa hapa huyazunguka kama dimbwi.

Wayne alizaliwa tarehe 11 Machi 1957 hapa Duluth, mji wetu wa bandari wa kaskazini, upande wa magharibi, mtoto wa tatu na kitindamimba wa Eino na Aili Hautala. Baba yake alipakia madini ya chuma melini. Mama yake alioka mikate ya iliki ambayo wazee wa kanisa bado wanaitaja. Walikuwa Wafini, na katika nyumba ya Kifini neno moja likitosha, la pili ni majivuno. Siku moja Eino alivunjika mguu gatini. Akarudi nyumbani kwa miguu yake yote miwili, akaketi jikoni, akasema, "Leo nimejigonga kidogo." Aili alivaa koti, akaenda kwa jirani kuomba gari la kumpeleka hospitali. Wayne, wakati huo mtoto mdogo, aliyaona hayo kutoka chini ya meza. Kwa miaka mingi alikisimulia kisa hiki ili watu wacheke, na baadaye akaacha kukisimulia.

Alimaliza shule ya upili mwaka 1975. Walimu wake walimkumbuka kwa ukimya na kwa kukarabati bomba la chooni bila kuombwa. Alisoma ufundi bomba chuoni, kisha akafanya kazi chini ya mzee Arvid Toivonen, mtu mkali aliyenuka tumbaku na gundi. Arvid ndiye aliyemfunza kutafuta wateja, na somo lenyewe lilikuwa fupi. "Ukimaliza kazi, bandika stika yako kwenye tangi la maji moto, usawa wa macho," alimwambia. "Watu hawamkumbuki fundi bomba siku ya jua. Wanamkumbuka wakiwa wamesimama majini huko chini ya nyumba, na kitu kilicho mbele yao ni tangi." Akaongeza: "Na ukikuta stika ya mwenzako, usiifunike. Bandika yako chini yake. Atakayekuja baada yako atabandika chini yako." Wengi wenu mkishuka leo kwenye vyumba vyenu vya chini mtakuta ukoo mzima wa mafundi umepangwa kwenye tangi, waliokufa wakiwa juu.

Tarehe 12 Septemba 1981 Wayne alifunga ndoa na Lorraine Nygaard. Walikutana alipokuja kuzibua sinki la wazazi wa Lorraine, akazibua, akarudi kesho yake kuuliza kama bado limezibuka. Wanorwe na Wafini ni watani tangu zamani, na baba yetu, Mnorwe, hakuiacha nafasi hiyo ipite. "Binti yangu, umewakosa watu wote mpaka ukaokota Mfini? Huyo hata akikupenda, utajuaje?"

"Ameshaniambia, Baba," Lorraine alijibu. "Amesema mimi si mbaya."

"Ala! Basi huyo amekufa, ameoza. Pangeni harusi."

Walijaliwa mtoto mmoja, Annika, aliyezaliwa mwaka 1986.

Kampuni yake, Hautala Mabomba na Joto, aliianzisha mwaka 1984 akiwa na gari moja kuukuu alilolipaka rangi ya manjano, kwa sababu manjano huonekana kwenye theluji. Mteja wake wa kwanza alikuwa Bi. Elvi Saarela wa Morgan Park, rafiki wa mama yake kanisani. Alipiga simu akasema bomba lake linadondosha kidogo, na kwamba Wayne asijisumbue kama yuko mezani. Wayne alimkuta amekaa juu ya kiti, miguu ameipandisha, jikoni maji tele, anafuma soksi. Stika ya kwanza kabisa ya Hautala ilibandikwa kwenye tangi la mama huyo, imekwenda upande kidogo, kwa kuwa Wayne aliibandika kwa haraka ya fahari.

Enzi zile mteja alitafutwa kwenye kitabu cha simu. Rudy Vukelich, fundi mwenzake na mshindani wake, aliibadili kampuni yake jina na kuiita AAA ili awe wa kwanza kwenye ukurasa. Mwingine akaja na A nne. Wayne alibaki na H yake.

"Wewe mwenye H," Rudy alimwambia kwenye duka la vifaa, mbele za watu, "mteja akifika kwako ameshazama."

"Akifika kwangu ameshawaonja ninyi wote," Wayne alisema. "Ndiyo maana haondoki."

Aliivalisha timu ya watoto ya mpira wa magongo wa barafuni jezi za manjano. Aliweka tangazo nyuma ya karatasi ya ibada, chini ya orodha ya wagonjwa. Lakini kilichoikuza kampuni hasa kilikuwa simu ya jikoni, na aliyeipokea alikuwa Lorraine. Alijua sauti, alijua nyumba, na alijua watu wetu wanavyosema. Kanuni yake ilikuwa hii: anayepiga kelele anaweza kungoja; anayeomba radhi apelekewe gari sasa hivi. Aliyesema "kuna unyevunyevu" alikuwa amefurikiwa. Aliyesema "si mbaya sana" alikuwa ameshaanza kuhamisha watoto. Wageni hucheka wakisikia haya. Sisi hatucheki, kwa kuwa hakuna mmoja wetu asiyesema hivyo.

Mwaka 2011 Wayne alikwenda Phoenix kwenye mkutano wa mafundi wanaotaka kukuza biashara, na huko akampata Tad Brantley, mshauri. Isidhaniwe kuwa Brantley alikuwa tapeli. Aliyoyasema mengi yalikuwa kweli: kwamba kitabu cha simu kimekufa, kwamba watu wanatafuta fundi kwenye simu zao za mkononi, kwamba asiyejibu haraka amemgawia jirani mteja wake. Alimtengenezea Wayne tovuti, akamwekea bango kando ya barabara kuu lenye uso wake mkubwa, akawafunza mafundi wake kuwauliza wateja umri wa boila zao, mitambo ya kupasha nyumba joto, ili wawauzie mpya. Magari ya manjano yakajaa vilima vyote vya mji huu. Rudy alipita chini ya bango lile akapiga simu. "Wayne, hongera. Sura yako sasa ni kubwa kuliko kanisa. Panya wote wameikimbia, wamehamia kwangu." Wayne alicheka sana siku hiyo. Alikuwa na furaha, na alistahili.

Kisha Brantley akaja kwenye meza ya jikoni na jambo la simu. Zipokelewe na kituo huko kusini, alisema, usiku na mchana, na wasichana waliofunzwa. Mpigaji ataulizwa maswali, na majibu yatampanga: anayehitaji boila mpya mbele, mwenye kazi ndogo nyuma.

"Na wale wanaosema kidogo?" Lorraine aliuliza.

"Mama, mwenye shida atasema ana shida."

"Sio hapa."

"Kila mahali, Mama. Watu ni watu."

Lorraine alimgeukia mumewe. "Wayne?"

Wayne alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake cha kahawa. "Utapata kupumzika kidogo, Lorraine," alisema. Simu ya jikoni ikanyamaza, na Lorraine akaanza kuhudhuria kwaya.

Januari 2014 ilikuja na baridi ambayo hata wazee waliitaja kwa jina lake. Jumamosi tarehe 4, mchana, boila ya Bi. Saarela ilizimika. Mama huyo alikuwa mjane, peke yake, amepita miaka themanini. Alishuka chini, akasoma namba kwenye stika ile iliyokwenda upande, akapanda, akapiga. Msichana aliyepokea alikuwa mahali penye jua. Alimuuliza kwa adabu yote kama kuna dharura. Bi. Saarela akasema hapana, hapana, ni kibaridi kidogo tu ndani ya nyumba, na kama Wayne ana nafasi wiki hii atashukuru. Msichana aliandika kama alivyoambiwa, akampanga Jumatano. Hakufanya kosa lolote alilofunzwa kuliona kuwa kosa.

Jumatatu asubuhi mafundi walikusanyika ofisini. Brantley alikuwepo, akionyesha ukutani mstari uliokuwa ukipanda. Msimamizi akawa anasoma kazi za wiki: tangi jipya Lakeside, tangi jipya Hermantown, "na Jumatano kuna Saarela, Morgan Park, kibaridi kidogo ndani ya nyumba."

Wayne alisimama. "Soma tena."

"Kibaridi kidogo ndani ya nyumba. Amesema si haraka."

"Nani amesema si haraka?"

"Yeye mwenyewe, Wayne. Imeandikwa hapa."

Wayne alikuwa ameshafika mlangoni bila koti. Brantley alimwita, akamwambia tumalizie ukurasa huu kwanza, na mafundi waliokuwepo wanakumbuka kwamba hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote walikuwa wameelewa kwa mkupuo mmoja, na wote walikuwa wanatafuta funguo za magari.

Walimkuta jikoni, ameshakata roho. Alikuwa amevaa makoti mawili, na miguu ameipandisha juu ya kiti. Alikuwa ameoka mkate wa iliki ili jiko la umeme limpe joto, akamwekea Wayne kipande kwenye sahani, kimefunikwa kwa kitambaa, cha kumkaribishia akija. Wayne alishuka chini akabadilisha kifaa kimoja, akawasha boila, na boila ikawaka mara moja. Kilikuwa kifaa kidogo tu, cha kubadilisha kwa mkono. Alikaa kule chini mpaka polisi walipokuja, na waliomfuata walimkuta ameegemeza paji la uso kwenye tangi.

Mjini hapa hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Kwenye mazishi ya mama huyo, mwanawe, Dennis Saarela, alimshika mkono akasema, "Mambo hutokea, Wayne. Usijisumbue sana." Mwandishi wa wasifu huu alikuwa amesimama kando yao, na anaandika hapa kwamba Wayne aliisikia sentensi ile kwa masikio ya Lorraine, akaelewa sawasawa alichoambiwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Hakupata kuomba msamaha, kwa sababu Dennis hakumpa mlango wa kuombea, na Dennis alikuwa na haki yake.

Wayne alivunja mkataba na Brantley na kuzirudisha simu Duluth. Bango alilishusha mwenyewe. Bila matangazo na bila maswali ya umri wa boila, kazi zilipungua, na mafundi zaidi ya nusu waliachishwa kazi. Baadhi yao wapo hapa leo. Wengine hawakuja, na familia haiwalaumu. Alimwomba Lorraine asirudi kwenye simu. Alisema ni zamu yake yeye. Tangu siku hiyo hakuiweka simu chini. Aliibeba mezani, kanisani, hata saunani, kwenye bafu la mvuke, akiwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kwenye harusi ya Annika, alipoitwa kusema neno la baba, kiti chake kilikuwa kitupu, kwa kuwa mtu wa Proctor alikuwa amepiga kusema bomba lake linatoa sauti ya ajabu, samahani kwa usumbufu. Kweli lilikuwa linatoa sauti tu. Annika alilia chooni, na alimwambia baba yake hivyo baadaye, uso kwa uso. Wayne alisema anajua. Hakuahidi kubadilika.

Mwaka 2019 walikuja watu wa Chicago wanaonunua kampuni za mabomba mji kwa mji. Walitaka jina, rangi ya manjano na namba ya simu. Ile namba iko kwenye matangi ya nusu ya mji, na walijua thamani yake kuliko ya magari. Wayne aliwauliza swali moja: simu itapokelewa wapi? Walipomjibu, akawamiminia kahawa nyingine na kuwaonyesha njia ya kurudi uwanja wa ndege.

Usiku ule yeye na Lorraine walizozana, na mjane ametaka iandikwe. "Nimechoka kula na simu," Lorraine alisema. "Nataka kula na mume wangu. Wauzie."

"Na akipiga mwingine?"

"Wayne, atapiga mwingine hata ukiwa umekufa. Hapo utafanyaje?"

Hilo ndilo swali lililokaa katika nyumba ile tangu hapo: siku Wayne asipoweza, nani ataishika? Annika alikuwa Minneapolis, akiandika matangazo ya makampuni yanayotengeneza paa na mabomba, kazi aliyoipenda na aliyokuwa hodari nayo. Naye alisema wauze. Watu wa Chicago waliendelea kuandika kila mwaka, kwa upole, wakingoja.

Mwaka jana, Septemba, mavuno ya mpunga-mwitu wa maziwani yalipokuwa yanaisha, Wayne alianza kusema tumbo linamsumbua kidogo. Alimwambia daktari hivyo hivyo. Daktari, kijana mgeni kutoka mbali, alimpa vidonge vya kiungulia, na hakukosea kwa alichosikia. Lorraine naye alisikia, akamchemshia uji. Huyu ndiye aliyeusikiliza mji mzima kwa miaka ishirini na saba na kujua nani anazama, na mumewe alikuwa anazama upande wa pili wa meza. Amesema iandikwe, na amesema hajui kama atajisamehe. Sisi tunamwambia, dada, hakuna anayesikia mlio wa nyumba yake mwenyewe. Desemba ilipofika iligundulika ni saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Alitaka kufia nyumbani, akawekwa sebuleni, simu kwenye mto wa kulalia. Annika alikuja Januari na binti yake mdogo. Kuna mchana mmoja aliichukua simu ile kutoka kwenye mto huo, na Wayne, aliyekuwa hawezi tena kuinua kichwa, akaushika mkono wake.

"Utawauzia watu wa Chicago."

"Sijui, Baba."

"Mtu akipiga akikwambia kuna kibaridi kidogo?"

"Natuma gari."

"Akisema si haraka?"

"Naenda mwenyewe, gari linafuata."

Wayne alifumba macho. "Na akipiga kelele?"

"Huyo namwambia angoje, kama alivyokuwa anasema Mama."

"Si mbaya," Wayne alisema. Annika anasema baba yake hakuwahi kumpa sifa kubwa kuliko hiyo, na alitoka nje akasimama kwenye theluji kwa muda.

Tarehe 9 Februari 2023, Alhamisi alasiri, muuguzi alimuuliza Wayne kama anaumwa. Akasema, "Si sana." Lorraine hakumngoja amalize. "Mpe dawa," alimwambia muuguzi, "mpe yote aliyoruhusiwa, mtu huyu anateketea." Akapewa. Wayne akamtazama mkewe kwa muda mrefu, na Lorraine anasema alikuwa anashukuru. Alikata roho kabla giza halijaingia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, si juu ya simu.

Machi Annika aliwaandikia watu wa Chicago kwamba namba haiuzwi. Amehamia nyumba ya wazazi wake. Ameweka tangazo jipya kwenye tovuti, ameliandika mwenyewe, na halina picha ya mtu: "Kama ni kidogo tu, tupigie sasa." Lorraine anasema tangu Annika atoe tangazo hilo simu zimeongezeka, na wengi wanaanza kwa kuomba radhi.

Mtaona kwamba Rudy Vukelich hayumo kati yetu. Msimnung'unikie. Alistaafu zamani, magoti yamekwisha, na alikuwa rafiki na mshindani wa marehemu tangu ujana. Wiki iliyopita alimwambia Annika, "Wewe kamzike baba yako. Mimi nitakaa na simu." Kwa hiyo wakati mnasoma haya Rudy ameketi kwenye meza ya jikoni ya Hautala, na mafundi wa kampuni yake wamewasha magari nje. Amewapa stika za manjano wazibandike popote watakapokwenda leo, juu, na za kwao chini.

Marehemu ameacha mke, Lorraine; binti, Annika, na mumewe, Curtis; mjukuu, Elvi, aliyepewa jina kwa ombi la babu yake; dada, Irma, wa Cloquet; shemeji aliyeandika haya; na mafundi wake, waliobaki na walioondoka. Waliomtangulia ni wazazi wake, Eino na Aili, kaka yake, Reino, mwalimu wake, Arvid Toivonen, na Bi. Elvi Saarela.

Lala sasa, Wayne. Simu ina mtu.